Mstari Mweupe Chini ya Lami

Simu ilipigwa kituoni kabla Bi Pole hajamaliza kuvua koti. Fundi bodi mmoja alitaka kuzungumza na mtu anayeshughulikia kesi za zamani, na kwa kuwa kesi za zamani hazikuwa na mwenyewe pale kituoni, simu ikaletwa mezani kwake, kama yalivyoletwa mambo mengi yasiyo na mwenyewe.

Alikuwa mkaguzi wa upelelezi. Bi Pole lilikuwa jina alilobandikwa na wenzake, kwa sababu mara nyingi alilitanguliza neno hilo kabla ya swali. "Pole, jana ulikuwa wapi?" "Pole, hiki kisu ni chako?" Walimcheka, lakini watu waliofunga midomo mbele ya wakubwa wake walimfungulia yeye.

"Nimesimamisha kazi," fundi alisema. "Njoo uone kabla sijagusa tena. Nikiendelea nitaufuta ushahidi kwa mikono yangu."

"Pole, ushahidi wa nini?"

"Wa gari la yule kijana aliyekufa kwenye kona ya mteremko. Lile jekundu la spoti."

Bi Pole akalivaa tena koti lake.

Kesi hiyo aliijua, ingawa haikuwa yake. Miaka kumi na moja iliyopita kijana mmoja alikuwa akiteremka mlimani Jumapili mchana, katika gari la viti viwili lililokuwa na umri mkubwa kuliko wake. Kwenye kona, gurudumu la nyuma liling'oka na mkono wake wa chuma. Gari likapiga ukingo na kupinduka. Kijana hakufika hospitali. Ijumaa iliyotangulia gari hilo lilikuwa gereji kwa makanika aliyejulikana kama Mzee Spana, na kazi aliyoifanya ilikuwa palepale, kwenye mkono wa gurudumu la nyuma. Mkaguzi wa magari akaandika kwamba bolti hazikukazwa. Mzee Spana akafungwa kwa uzembe uliosababisha kifo, na alipotoka, alitoka na amri ya kutofanya kazi ya gereji tena.

Katika gari la polisi Bi Pole alilisoma jalada upya, na jambo moja likamkwama. Mzee Spana alijitetea mahakamani kwamba chuma cha chini kilikuwa kimeoza na kwamba alimwonya kijana asiliendeshe mpaka kichomelewe. Mwendesha mashtaka akatoa picha. Chini ya gari palikuwa peusi, panang'aa, hapana hata doa la kutu. Ukurasa huohuo hakimu alimwita mwongo.

*

Gereji ya fundi bodi ilikuwa banda refu la bati lenye sakafu ya saruji iliyokunywa mafuta miaka mingi. Gari lilikuwa juu ya stendi nne katikati, limevuliwa magurudumu na viti. Hata katika hali ile lilikuwa zuri: pua ndefu, mgongo mfupi, mabawa yaliyovimba juu ya mahali pa magurudumu kama mabega ya muogeleaji.

Fundi alikuwa mtu mfupi, mkimya, mwenye kovu la moto kwenye kidevu. Alimpa Bi Pole kipande cha boksi la karatasi alalie, naye akajilaza chini bila kujali koti lake. Nyuma yake akaingia konstebo mpigapicha, mtu mnene aliyekuwa anahesabu miezi ya kustaafu, akiguna.

"Mama wa marehemu ndiye aliyelileta," fundi alisema. "Limekaa kwenye banda lake tangu polisi walipolirudisha. Anasema amechoka kuona limekufa. Mimi kabla sijagusa rangi ya juu huanza na chini. Hii lami nyeusi hupakwa kuzuia kutu, lakini ikipakwa juu ya kutu huificha tu, na unyevu hubaki ndani unakula chuma taratibu."

"Pole, unaitoaje?"

"Naipasha moto kwa kipulizo mpaka ilegee, halafu nakwangua. Isipate moto sana, itaungua na kushika zaidi." Akaelekeza tochi. "Hapa mbele ilitoka kama ganda la ndizi, na chuma chini yake ni kizima, kina rangi yake ya kiwandani. Sasa tazama nyuma."

Nyuma lami haikutoka kama ganda. Ilikuwa imetoka na chuma chenyewe, vipande vya kahawia vilivyoshikana kama ukoko wa sufuria. Kwenye chasisi, fremu ya chini ya gari, mahali mkono wa gurudumu unaposhikia, palikuwa na shimo la kupitisha ngumi. Kingo zake zilikuwa nyembamba kama karatasi.

"Bolti hazikulegea," fundi akasema. "Zilipofungwa ndipo palipong'oka."

"Na kipande kilichong'oka kiko wapi?"

"Kwenye buti la gari. Polisi walikifunga waya pamoja na mkono wa gurudumu wakakitupa humo. Kimejaa lami na udongo mkavu. Sijakigusa."

Bi Pole alijikokota akatoka chini ya gari, akapangusa viwiko. "Pole, fundi. Ufundi ulijifunza kwa nani?"

Fundi akazima tochi.

"Kwake. Kwa Mzee Spana. Kuchomelea alinifundisha yeye."

"Na mama wa marehemu analijua hilo?"

"Hakuniuliza."

"Kwa hiyo wakili yeyote atasema shimo hili umelichimba wewe kumtetea mwalimu wako."

"Ndiyo maana nikakuita nikiwa bado na shimo, sio nikiwa nimeshalifunga."

Lilikuwa jibu zuri, lakini majibu mazuri Bi Pole alikuwa ameyasikia mengi, na baadhi ya waliomjibu walikuwa bado gerezani. Akaamuru buti lifungwe kwa utepe wa polisi, konstebo abaki analinda, na mtu yeyote asiwashe kipulizo mpaka arudi.

*

Mzee Spana alikuwa bawabu kwenye ghala la unga. Alikaa kwenye kiti cha plastiki pembeni ya geti, mikono yake mipana imelala mapajani kama vitu alivyoazimwa. Lori lilipotoka, alilifungulia, akalisikiliza likipita, akamwambia dereva kwa sauti ya chini, "Bushi ya kulia mbele imekwisha, mwanangu." Kisha akafunga geti na kumgeukia Bi Pole.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ni polisi."

"Pole, ndiyo. Nataka uniambie kazi uliyoifanya Ijumaa ile. Anza popote unapotaka."

Hakuwa na haja ya kukumbushwa Ijumaa gani. Alieleza pole pole, kama mtu aliyekwisha kuieleza mara nyingi kwa watu wasiosikiliza. Kijana alilalamika kwamba nyuma kunagonga. Akalipandisha gari, akakuta bushi, zile raba za kwenye maungio, zimekufa, akabadilisha. Wakati wa kukaza bolti akasikia chuma kinalia vibaya, akagonga kwa nyundo, vumbi jekundu likamwagika usoni.

"Nikamwita aje aone. Akaona. Nikamwambia, mwanangu, gari hili liende nyumbani kwako tu, taratibu, Jumatatu ulipeleke kwa mtu wa kuchomelea. Akasema sawa mzee."

"Chini kulikuwa na lami?"

"Chuma kitupu na kutu. Lami niliiona kwenye picha za mahakama, kama walivyoiona wengine. Nilidhani nimerukwa na akili."

"Pole. Ukishakaza bolti, kuna jambo lolote hulifanya kabla ya kushusha gari?"

Alimtazama kwa mshangao kidogo. Swali hilo hakuwahi kuulizwa.

"Nachora mstari. Rangi nyeupe, kwa brashi nyembamba. Kutoka kichwani mwa bolti mpaka kwenye chuma inachokaza. Bolti ikizunguka hata kidogo mstari unakatika, na wewe unajua. Nilijaribu kuwaambia. Wakasema, mbona kwenye picha hakuna mstari wowote?"

Bi Pole aliandika, akamwomba asome na kuweka sahihi. Mzee Spana alisoma kila neno. Alipomrudishia karatasi hakuuliza kwa nini amekuja, na Bi Pole hakumwambia. Hakutaka kumpa mtu yule tumaini lisilo na miguu.

*

Alasiri buti lilifunguliwa mbele ya mashahidi wawili kutoka duka la vipuri jirani. Fundi alikaa mbali, mikono mfukoni, kwa amri ya Bi Pole. Kazi ya kukwangua alipewa fundi mwingine aliyetafutwa upande wa pili wa mji, mtu asiyemjua Mzee Spana wala marehemu, na aliyekuwa akinung'unika kwamba alitolewa kwenye kazi yake bila hata kunywa chai.

Kipulizo kikawashwa. Harufu ya lami ikajaa banda. Udongo ulidondoka kwanza, halafu lami ikaanza kung'aa na kulegea, na kikwangulio kikaingia chini yake. Kamera ya konstebo haikupumzika.

Kichwa cha bolti ya kwanza kikatokea. Yule fundi mgeni akakifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, akakitazama, akafuta tena.

Mstari mweupe ulitoka katikati ya kichwa cha bolti ukashuka moja kwa moja mpaka kwenye kipande cha chasisi kilichong'oka nayo. Haukuwa umekatika. Bolti ya pili vilevile.

"Aliyezikaza hizi alizikaza," mgeni akasema. Manung'uniko yalikuwa yamemwisha.

Fundi bodi aligeuka akatazama ukutani.

Bi Pole alikaa juu ya tairi kuukuu akapanga mambo kichwani. Mstari ulikuwa juu ya chuma, lami ilikuwa juu ya mstari. Basi Mzee Spana alimaliza kazi yake kwanza, na lami ikaja baadaye. Ajali ilitokea Jumapili. Kwa hiyo kati ya Ijumaa jioni na Jumapili mchana mtu alilala chini ya gari lile na kuifunika kutu ambayo ilikuwa imeonekana kwa macho. Mkaguzi wa magari alikuja baadaye akaona weusi mzuri, akaona mkono umeachana na gari, asikwangue lami na udongo uliofunika kipande kilichong'oka nao, akajua makanika aliugusa juzi yake, akajumlisha.

Swali lilikuwa moja tu. Nani aliipaka, na kwa nini?

*

Jalada lilikuwa na mtu mmoja mwenye sababu. Dalali wa magari alikuwa ametoa ushahidi mdogo kwamba marehemu alifikiria kuliuza gari, na kwamba mteja alikuwa aje wiki iliyofuata. Dalali anayetaka kumfurahisha mteja huweza kupaka lami mahali pengi.

Kesho yake Bi Pole alimkuta kwenye uwanja wake wa magari, amevaa miwani ya jua kivulini.

"Pole, Jumamosi ile ulikwenda nyumbani kwa marehemu?"

"Sikwenda. Na hata ningekwenda, nisingelala chini na suti yangu." Alicheka peke yake, kisha akaacha. "Tazama, mama, mimi nimeficha mikwaruzo, sitakudanganya. Lakini lile gari halikuwa linauzwa tena. Jumamosi asubuhi alinipigia akasema amebadilisha mawazo, anabaki nalo. Nilimkasirikia. Mpaka leo naona vibaya kwamba maneno yangu ya mwisho kwake yalikuwa matusi."

"Alikwambia sababu?"

"Alisema mama yake amelipenda."

Alimtajia na mahali alipokuwa Jumamosi ile: kwenye harusi ya dada yake, mji mwingine, na picha ilikuwa ukutani nyuma yake na tarehe imechapwa pembeni. Bi Pole aliitazama kwa makini. Dalali alikuwa pale, kijana zaidi, akilia kwa furaha bila miwani.

Ikabaki nyumba moja.

*

Mama wa marehemu alimkaribisha sebuleni, akamsogezea kiti kilicho mbali na jua. Alikuwa mwanamke mrefu, mwalimu mstaafu, aliyezungumza kama mtu anayeandika ubaoni. Ukutani palikuwa na picha ya kijana anayecheka, mkono juu ya boneti jekundu.

"Fundi ameniambia polisi wamesimamisha kazi," alisema. "Hakuniambia kwa nini."

"Pole, mama. Nitakwambia kabla sijaondoka. Kwanza naomba unisimulie Jumamosi ile, kabla ya ajali. Chochote unachokumbuka."

Uso wa mama ulilegea. Hakuna aliyekuwa amemuuliza kuhusu Jumamosi. Wote waliuliza kuhusu Jumapili.

"Ilikuwa siku nzuri. Alikuwa nyumbani kutwa. Alinunua mkebe wa ile dawa nyeusi, akatandika magunia uani, akaingia chini ya gari lake asubuhi akatoka jioni. Alipotoka, mwanangu, sikuweza kumjua. Nywele, nyusi, masikio, yote meusi. Nikamwambia, wewe, nani kakuzaa? Akasema, 'Mama, nimeliziba lote. Sasa halitaoza tena, nitakuendesha mpaka uzeeke.' Nilimsugua shingo kwa mafuta ya taa kama mtoto mdogo. Lile shati ninalo bado. Doa halikutoka."

Alikuwa anatabasamu. Bi Pole aliiweka kalamu juu ya goti.

Angeweza kuandika maneno yale, kuomba sahihi na kwenda zake. Yalitosha. Mama angekuja kuyasikia mahakamani, yamesomwa na mtu mwenye sauti ya kazi.

"Mama," alisema, "pole sana. Hii ya sasa sio pole yangu ya kuanzia swali."

Akamweleza yote kwa mpangilio, bila kupamba. Kutu. Bolti zilizokazwa. Mstari mweupe chini ya lami. Onyo la Ijumaa. Mama alisikiliza akiwa ameketi wima. Bi Pole alipofika kwenye picha za mahakama, mama aliinua kiganja, kama anavyonyamazishwa mwanafunzi, akakaa hivyo.

"Unaniambia aliijua ile kutu."

"Alionyeshwa. Nadhani aliamini kwamba ile dawa inaiponya. Watu wengi huamini hivyo. Mkebe wenyewe umeandikwa huzuia kutu."

"Na mimi ndiye niliyempigia Jumapili," mama alisema. "Nilikuwa kwa dada yangu, bondeni chini ya mlima. Nilimwambia, njoo na hilo gari lako unichukue, nataka wanione ninavyopanda."

Nje, mtu alikuwa anafagia uani, ufagio unakwenda na kurudi.

"Mahakamani nilisimama," mama aliendelea, "nikamnyooshea yule mzee kidole. Nikasema mwanangu asingenificha jambo kama hilo. Nilimwita mwongo mbele ya mke wake."

"Ulisema ulichokijua."

"Nilisema nilichokitaka." Akashusha kiganja. "Haya niliyokusimulia yakiandikwa, yatamtoa lawamani?"

"Yakiwa pamoja na zile bolti, ndiyo. Lakini yatasomwa hadharani. Kila mtu atajua mwanao alionywa."

Mama alimtazama kijana kwenye picha ya ukutani. Alipozungumza, sauti ilikuwa imerudi ubaoni.

"Andika. Na uandike vizuri kwamba hakuwa na nia mbaya. Hilo nalo ni kweli."

Bi Pole aliandika. Mama alisoma, akasahihisha neno moja lililokosewa, akaweka sahihi. Kisha akainuka akachukua mtandio wake.

"Yuko wapi siku hizi?"

*

Mzee Spana aliwaona wakivuka barabara. Alisimama. Mama alisimama mbele yake.

"Aliipaka yeye," mama akasema. "Jumamosi. Nilimuona, na sikujua ninachokiona. Wewe ulisema kweli, mimi nikakuita mwongo. Nimekuja kukwambia mwenyewe, usije ukaambiwa na mtu wa mahakama."

Mzee Spana alimtazama Bi Pole, naye akaitikia kwa kichwa. Yule mzee akashusha pumzi ndefu, akaufuta uso kwa mikono yote miwili, juu mpaka chini.

"Kaa, mama," alisema hatimaye. "Jua kali."

Palikuwa na kiti kimoja tu. Mama alikaa, yeye akabaki amesimama kando yake, ameshika nguzo ya geti.

"Miaka yote hii nilikuwa najiuliza kama nilimwonya sawasawa," alisema. "Kama nilisema kwa ukali wa kutosha. Pengine ningemnyang'anya ufunguo."

"Asingekupa," mama akasema. "Mimi mwenyewe asingenipa."

Lori likapiga honi ndani. Mzee Spana akaenda kulifungulia, akarudi.

"Mahakama ikimalizana na lile gari, nataka litengenezwe," mama alisema. "Yule fundi yupo. Lakini nataka wewe uwepo."

"Siruhusiwi kushika spana."

"Pole," Bi Pole akaingilia, "amri ile niliisoma jana. Inakukataza kufanya kazi. Haijakukataza kusimama na kutazama. Na ikienda ninavyotarajia, haitakuwepo."

Mzee Spana aliiangalia mikono yake, akaifungua na kuifunga. Alipomgeukia mama tena alikuwa anazungumza haraka, kama mtu anayeogopa atasahau.

"Basi mwambie asibandike bati jipya juu ya lile bovu. Vijana hupenda kufanya hivyo, ni kazi ya haraka, na ukipaka rangi haionekani. Akate. Akate arudi nyuma mpaka afike chuma kinachong'aa, hata kama itakuwa nusu ya gari. Hapo ndipo aanze kuchomelea."

"Utamwambia wewe," mama alisema, akajisogeza akamwachia nafasi ukingoni mwa kiti.